Kubadilisha Sura ya Rimu za Gari: Nyuso za Kupambwa na Nyuso za Kuachwa

Gurudumu la gari lina nyuso za aina mbili. Ziko nyuso za kuonekana, yaani spoki, ukingo wa mbele na kifuniko cha katikati, ambazo jicho la mpita njia huziangukia. Na ziko nyuso za kazi, zilizojificha nyuma, ambazo hulishikilia gurudumu kwenye habu, yaani kile kitovu cha gari ambacho gurudumu hufungwa kwake, hukaliwa na nati, na huzuia upepo usivuje kwenye tairi. Mwenye gari ana uhuru mkubwa wa kuzipamba zile za kwanza apendavyo, lakini katika zile za pili hana uhuru hata kidogo. Maelekezo yanayofuata yamejengwa juu ya tofauti hiyo, kwa sababu makosa ya hatari niliyoyaona katika kazi hii, likiwemo moja nililolifanya kwa mikono yangu, yalitokana na mtu kusahau kwamba kitu anachokipamba bado kinabeba gari.

Kuifahamu rimu kabla ya kuichagulia pambo

Anza na kipande cha sumaku. Sumaku ikinasa, rimu ni ya chuma. Isiponasa, katika magari ya kawaida ni aloi ya alumini. Ziko pia rimu za magnesi, hasa za magari ya mashindano na baadhi ya magari ya zamani, nazo hazinasi sumaku vilevile. Ukiwa na shaka kwamba rimu yako ni ya magnesi, usiisugue kwa msasa mkavu wala mashine, kwa kuwa unga wa magnesi hushika moto kwa urahisi na moto wake huchochewa na maji badala ya kuzimwa.

Baada ya hapo angalia jinsi uso wake ulivyomalizwa kiwandani. Rimu nyingi za aloi zimepakwa rangi na kufunikwa kwa klia, ile rangi angavu isiyo na rangi inayoleta mng'ao, na hizi hazina shida. Nyingine zimechongwa usoni kwa mashine mpaka alumini yenyewe ikaonekana iking'aa, kisha zikapigwa klia juu. Ukiona mistari myembamba sana ya mviringo kama ya sahani ya santuri, ndizo hizo. Udhaifu wake ni kwamba klia ikichubuka, unyevu hupenya chini yake na kutambaa kama mizizi myeupe, na dawa ya kurudishia uso ule ule ni kuichonga tena kwenye mashine, jambo ambalo haliwezi kurudiwa mara nyingi kwa sababu kila mara alumini hupungua. Wengi huamua kuzipaka rangi moja kwa moja, nami naona ni uamuzi wa busara. Rimu za kromu ni habari nyingine: rangi haishiki juu ya kromu laini, na kromu iliyoanza kumenyuka ina ncha kali kama wembe. Kazi ya kuivua kromu mwachie fundi mwenye vifaa.

Kisha tafuta kasoro. Michubuko ya ukingo iliyotokana na kukwaruzana na ukingo wa barabara hurekebishika. Ufa haurekebishiki kwa rangi. Kagua upande wa nyuma, hasa pale spoki zinapokutana na pipa la rimu, yaani ule mduara mpana unaobeba tairi, kwa tochi na kitambaa safi, maana ufa mwingi huanzia huko. Rimu yenye ufa au iliyopinda isipakwe rangi hata kama uso wake unavutia, kwa kuwa rangi mpya itaificha kasoro hiyo machoni pa fundi mwingine atakayelishika gurudumu baadaye.

Njia nyepesi kwanza

Kama rimu ni za chuma, njia ya haraka ni kifuniko cha plastiki, ambacho wengi hukiita kepu. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ndiyo itakayokuongoza: kwenye tairi lililoandikwa 195/65 R15, ile 15 ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi, na kifuniko ni lazima kilingane nayo. Nyuma ya kifuniko kuna waya wa duara unaobana meno yake. Pindo la waya huo likae usawa wa vali, la sivyo utaisukuma vali pembeni na upepo utaanza kutoka kidogo kidogo. Chagua kifuniko chenye matundu ya kutosha, kwa kuwa breki huhitaji hewa ya kupoozea, na kama unaogopa kitachomoka njiani, kifunge kwenye matundu ya rimu kwa vibanio viwili vya plastiki.

Utepe wa kubandika kwenye ukingo wa rimu ni pambo dogo lenye matokeo makubwa kuliko bei ya kazi yake. Mstari mmoja mwembamba wa rangi inayofanana na sehemu fulani ya bodi hulifanya gurudumu lionekane limefikiriwa. Futa ukingo kwa spiriti, bandika vipande vifupi badala ya duara zima, na usiuvute utepe wakati wa kubandika, kwa maana uliovutwa hurudi nyuma ukipata joto na kuacha mapengo.

Kwa asiye na uhakika na rangi anayoitaka, ipo rangi ya mpira, ambayo hupulizwa kutoka kwenye kopo kama rangi nyingine lakini hukauka ikawa ngozi inayoweza kumenywa. Siri yake ni unene. Mtu akipuliza tabaka mbili tu kwa ubahili, siku ya kuiondoa itatoka vipande vipande kama ganda la yai lisiloiva vizuri, ilhali aliyepuliza tabaka tano au sita ataivua kwa kuishika ncha moja na kuivuta. Tabaka la kwanza liwe jepesi, rimu ikionekana bado chini yake. Yanayofuata yawe mazito zaidi. Petroli huiyeyusha, kwa hiyo usiisafishie nayo.

Rangi ya unga ni ya upande wa pili kabisa, kwa kuwa hufanyiwa karakana na huhitaji oveni. Unga hupewa chaji ya umeme ili unate kwenye chuma, kisha huokwa kwa joto ambalo kwa kawaida ni kati ya nyuzi 180 na 200 za Selsiasi mpaka uyeyuke na kuwa ngozi moja ngumu. Hustahimili kokoto kuliko rangi ya kupuliza. Hata hivyo, aloi ya rimu hupata sehemu ya nguvu yake kutokana na joto lililopimwa kiwandani, na kuioka kwa joto kali au kwa muda mrefu kunaweza kuipunguzia nguvu hiyo. Wapo watengenezaji wa rimu wanaokataza jambo hilo. Muulize fundi anaoka kwa nyuzi ngapi na kwa dakika ngapi, na asipoweza kukujibu, mshukuru uondoke na rimu zako.

Neno kuhusu rangi yenyewe

Rimu ya rangi nyepesi huonekana kubwa kuliko kipimo chake, na nyeusi huonekana ndogo, kwa sababu huchanganyika na tairi na jicho halioni mpaka uko wapi. Anayependa nyeusi lakini hataki gurudumu lake lionekane limenywea anaweza kuuacha ukingo wa nje uwe wa fedha. Nyeusi inayong'aa haifichi uchafu kama watu wanavyodhani, kwani vumbi la breki, ambalo ni la kijivu lenye ukahawia, huonekana juu yake waziwazi. Kijivu kilichokoza ndicho kinachosamehe zaidi. Rangi isiyong'aa huvutia, lakini haiwezi kupigwa polishi bila kupata madoa yanayong'aa, kwa hiyo mkwaruzo wake ni wa kudumu mpaka upake upya.

Kupaka rangi kwa mikono

Hapa ndipo penye kazi. Kupuliza rangi yenyewe huchukua muda mfupi sana ukilinganisha na maandalizi, na rimu iliyobabuka baada ya miezi miwili karibu kila mara iliharibika kabla kopo la rangi halijafunguliwa.

Egesha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka vigingi kwenye magurudumu yatakayobaki chini, na zilegeze nati kidogo kabla ya kupiga jeki. Gari likishainuka, liweke juu ya stendi. Jeki ni ya kuinulia tu. Andika kwa chaki upande wa ndani wa kila tairi mahali lilipotoka, na kama ubavuni mwake kuna mshale wa mwelekeo, kumbuka kwamba haliwezi kuhamia upande wa pili wa gari. Ikiwezekana, peleka magurudumu yakavuliwe matairi, kwa sababu utafika pembezoni bila kubahatisha na vipande vya kusawazishia, vile vizito vidogo vinavyowekwa kwenye rimu ili gurudumu lisitikisike, vitapimwa upya baadaye. Isipowezekana, punguza upepo, kisha penyeza kadi ngumu, hata karata za kuchezea, kati ya ukingo wa rimu na tairi, zikipandana kidogo, mpaka zizunguke duara lote kama ua lililochanua. Wapo wanaopaka mafuta ya mgando kwenye tairi badala ya kadi. Siwashauri, maana mafuta hayo hutambaa mpaka kwenye rimu, na rangi haishiki penye mafuta.

Osha kwa maji na sabuni, mbele na nyuma. Vumbi la breki lisipeperushwe kwa upepo wa kompresa wala kufagiliwa likiwa kavu. Liloweshe kwanza, kwani si kitu cha kuvutwa puani. Chembe za chuma zilizoungua na kunata hutolewa kwa dawa maalumu ambayo hugeuka zambarau inapozikuta. Lami itolewe kwa mafuta ya taa, kisha futa kwa kiondoa grisi. Ukitaka kujua kama kweli imetakata, mwagia maji safi: yakitandaa kama kioo kisichokatika, iko tayari, yakijikusanya matone matone, grisi bado ipo, na hakuna msasa utakaoiondoa, kwa sababu msasa huisambaza tu.

Kwenye makovu ya ukingo anza na msasa namba 120, uyapunguze mpaka yachanganyike na sehemu nzima, kisha nenda 240, halafu sugua uso wote kwa 400 mpaka mng'ao wa zamani ufe. Huna haja ya kufika kwenye chuma kila mahali. Rangi ya zamani iliyoshika vizuri ni msingi mzuri, ila mpaka kati yake na chuma kilicho wazi lazima ulainishwe. Fumba macho upitishe kidole juu yake. Kidole kikihisi ngazi, jicho nalo litaiona baada ya klia. Kovu lililobaki na shimo lijazwe puti ya epoksi kidogo, kwa ajili ya sura tu, na kamwe isiwe pale tairi linapokalia rimu.

Sasa ziba nyuso za kazi. Ziba uso wa nyuma wa katikati unaogusana na habu, ziba vikalio vya nati, yaani zile kuta zilizoinama ndani ya matundu, na kama tairi limevuliwa, ziba sehemu mbili ambazo kingo zake hukaa. Vali nayo izibwe. Mimi niliwahi kuona uzembe huo kuwa mdogo, nikapuliza rangi nene ndani ya matundu ya nati ili yapendeze. Nati zilikazwa juu ya rangi badala ya chuma. Gari likatembea, rangi ikabonyea na kupondeka, na baada ya siku chache nilisikia mlio usioeleweka kwenye kona. Nilipotia spana, nati tatu za gurudumu moja ziligeuka bila kutumia nguvu. Tangu siku hiyo naviziba vikalio kwa vipande vya karatasi vilivyosokotwa kabla hata sijafikiria rangi.

Praima, yaani rangi ya msingi inayotangulia rangi yenyewe, ichaguliwe kulingana na rimu imetengenezwa kwa nini. Alumini iliyo wazi hujitengenezea haraka ngozi ya oksidi ambayo rangi ya kawaida haiipendi, kwa hiyo inahitaji praima ya kung'ata chuma au ya epoksi, na ipakwe mara tu usuguaji unapokwisha. Rimu ya chuma isuguliwe kutu kwa brashi ya waya, kisha ipate praima ya kuzuia kutu. Nunua makopo yote ya magurudumu manne kwa mkupuo mmoja, praima, rangi na klia kutoka mtengenezaji mmoja, kwa sababu rangi ya jina lile lile iliyochanganywa wakati mwingine inaweza kutofautiana kidogo, na tofauti hiyo huonekana gari likiwa barabarani.

Fanya kazi mahali penye hewa, pasipo upepo wa vumbi, pasipo jua kali, katika joto la wastani la kama nyuzi 15 hadi 25. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, klia hugeuka ukungu mweupe. Tikisa kopo kwa dakika mbili baada ya kuisikia gololi ikigonga. Puliza kutoka umbali wa sentimeta 20 hadi 30, ukianzia nje ya rimu na kumalizia nje yake, bila kusimamisha mkono katikati. Anza na pembe za ndani za spoki, zile ambazo rangi haziziendei kwa hiari, kisha malizia nyuso pana. Ukianza na nyuso utalazimika kurudia pembe na nyuso zitapata rangi mara mbili na kutiririka. Tabaka mbili za praima, zisuguliwe zikikauka kwa msasa namba 600 wa maji, halafu tabaka tatu au nne nyembamba za rangi, kila moja ikipewa kama dakika 10 hadi 15. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini hapa anayeumia ni asiyengoja. Rangi ikitiririka, usiifute ikiwa mbichi. Iache ikauke kabisa, uisugue, upulize tena.

Klia ndiyo inayoamua rimu itaishi muda gani. Ile ya kopo la kawaida hukauka kwa hewa tu na hulainika ikiguswa na petroli au mafuta ya breki. Ile yenye kigumuzi, ambayo huchanganywa kabla ya kutumika au huja kwenye kopo lenye kitufe cha kupasulia chini, huwa ngumu zaidi. Lakini kigumuzi hicho kina aisosaineti, kemikali inayoweza kuyafanya mapafu ya mtu kuwa na mzio wa kudumu, na barakoa ya kitambaa au ya vumbi haizuii chochote. Asiye na kinga kamili ya kupumulia, miwani na glavu aitumie klia ya kawaida na akubali kwamba atairudia mapema zaidi, au ampelekee fundi wa rangi hatua hiyo ya mwisho. Soma pia muda ulioandikwa kwenye kopo wa kuongeza tabaka: aina nyingi hutaka klia ipigwe ndani ya saa ya kwanza au ingojewe siku nzima, na anayepuliza katikati ya nyakati hizo huiona rangi ikikunjamana kama ngozi ya maziwa.

Vinavyolizunguka gurudumu

Herufi za tairi zilizoinuka zinaweza kupakwa kwa kalamu ya rangi iliyotengenezwa kwa ajili ya mpira wa tairi. Safisha kwa spiriti mpaka kitambaa kisitoke tena na weusi au ukahawia. Ukahawia huo si uchafu wa barabara tu. Ni kemikali zinazowekwa ndani ya mpira ili kuulinda na ozoni, ambazo huendelea kupanda juu maisha yote ya tairi, na ndizo huzifanya herufi nyeupe kuwa njano. Kalipa za breki, yaani vile vibanio vinavyobana pedi kwenye diski, hupakwa kwa rangi inayostahimili joto, kwa brashi, huku diski, pedi, mipira ya pistoni na pini zinazoteleza zikiachwa bila hata tone. Kifuniko cha katikati kikipotea, pima kipenyo cha tundu lake kwa milimita upande wa nyuma, maana kinachokishikilia ni meno ya ndani na wala si ukubwa wa uso wake.

Kurudisha na kutunza

Zipe rimu angalau saa 24 kabla ya kuzirudisha. Ondoa viziba vyote, kisha futa uso wa habu na vikalio vya nati mpaka chuma kitupu kionekane. Ingiza nati kwa mkono, zikaze kwa mpangilio wa nyota, usizikaze kwa bunduki ya upepo, na utumie soketi nyembamba yenye koti la plastiki ili usikwaruze matundu uliyoyahangaikia. Shusha gari, umalize kwa spana ya kupimia nguvu kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kwa magari mengi madogo huwa kati ya nyutonimita 80 na 140, lakini kitabu ndicho chenye kauli. Kama matairi yalivuliwa au kipande cha kusawazishia kimetoka, magurudumu yasawazishwe kabla ya kwenda mwendo kasi.

Kwa wiki ya kwanza tumia maji matupu tu, kwa kuwa rangi huendelea kukomaa ndani hata kama juu imekauka. Baada ya hapo tumia sabuni ya kuoshea gari na brashi laini, rimu ikiwa imepoa. Dawa kali zenye asidi huacha madoa kwenye alumini iliyo wazi na hudhoofisha klia. Na ukishatembea kilomita 50 hadi 100, tafuta mahali pa kusimama, acha magurudumu yapoe, uitoe tena ile spana na uzipime nati zote kwa kipimo kile kile.